Ufundi wa Kufungua Pete

Ukichanganya gramu 340 za epoksidi ya bisifenoli A na gramu 172 za asidi ya methakriliki, na ukaifanya kazi yako vizuri, mwisho wake unapata gramu 512 za resini, ileile ambayo madaktari wa meno wamekuwa wakizibia meno kwa zaidi ya miaka 60. Hakuna kilichopotea. Hakuna maji yaliyotoka, hakuna chumvi ya kuchuja, hakuna gesi ya kutafutia njia ya kutokea. Kila atomu iliyoingia kwenye chupa imo ndani ya molekuli mpya. Wengi wetu tuliosoma kemia sekondari tulifundishwa kutengeneza esta kwa njia nyingine: alkoholi, asidi, matone ya asidi ya salfuriki iliyokolea, kisha moto, na maji hutoka. Ndiyo njia ya Emil Fischer na Arthur Speier ya mwaka 1895. Ni njia njema, ila ina ukaidi wake. Maji yanayotoka hurudi kuivunja esta iliyokwisha kutengenezwa, na mmenyuko hukwama katikati mpaka mtu ayaondoe. Epoksidi haina mgogoro huo. Asidi inaingia, pete inafunguka, esta inakaa mahali pake, na jirani yake linabaki kundi moja la haidroksili, alama ya mahali ilipokuwa oksijeni ya pete.

Naupenda mmenyuko huu, na nawaheshimu zaidi wanaojua kuuendesha. Ni kazi ya joto la wastani na saa nyingi za kusubiri, na kinachovutia ni kile ambacho subira hiyo inamnunulia mtu mwingine mahali pengine: daktari wa meno anapata nyenzo inayoganda kwa sekunde 20. Polepole ya kiwandani ndiyo inayozaa haraka ya kwenye kiti cha mgonjwa.

Tuanze na pete yenyewe. Epoksidi ina pete ya atomu tatu tu: kaboni mbili na oksijeni moja. Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz ndiye aliyetengeneza ile iliyo ndogo kuliko zote, oksidi ya ethilini, mwaka 1859. Kaboni yenye vifungo vinne vya kawaida hupenda kuvitandaza kwa pembe ya karibu nyuzi 109. Ndani ya pete hii inalazimika kuvibana hadi nyuzi 60 hivi, na gharama ya kubanwa huko ni zaidi ya kilojuli 100 kwa kila moli. Mtu aliyewahi kuona mtego wa kanga porini, ufito mbichi uliopindwa mpaka chini na kushikiliwa na kijiti kidogo, ataelewa haraka: nguvu yote iko kwenye ufito, lakini kijiti ndicho kinachoamua utafyatuka lini. Epoksidi nayo ina nguvu tayari. Mkemia hahitaji kuitia nguvu zaidi. Kazi yake ni kuamua nani aiguse, aiguse upande gani, na kwa kasi ipi.

Wa kuigusa ni wengi. Asidi ya hidrokloriki huifungua mara moja, bila adabu. Amini huifungua bila hata kupashwa moto, na hiyo ndiyo siri ya ile gundi ya mirija miwili inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi: mrija mmoja una epoksidi, wa pili una amini. Asidi ya kaboksili iko polepole kuliko hizo. Kwenye joto la chumba inaweza kukaa na epoksidi siku nyingi bila jambo kubwa kutokea. Kwa nini basi mtu aichague? Kwa sababu ya mzigo inaoubeba. Nyuma ya kundi la kaboksili unaweza kuning'iniza karibu chochote unachotaka: mnyororo mrefu wa mafuta, kipande cha dawa, au, kama ilivyo katika hadithi yetu, kifungo maradufu cha kaboni ambacho kitakuja kuamshwa baadaye kwa mwanga. Asidi ya kaboksili huufungua mlango na kuingia na mizigo yake yote.

Namna inavyoingia ina mpangilio wa kupendeza. Hidrojeni ya asidi huisogelea oksijeni ya pete na kuilegeza. Kaboksileti, yaani asidi iliyokwisha kuachia hidrojeni yake, huishambulia moja ya kaboni mbili kutokea nyuma, upande ulio kinyume na oksijeni. Haiji kutokea mbele hata siku moja. Na ikipewa nafasi ya kuchagua, katika mazingira yasiyo na asidi kali, huchagua kaboni isiyosongamana, ile ya pembeni yenye hidrojeni mbili. Ndiyo maana esta hukaa nchani mwa mnyororo na haidroksili hukaa hatua moja ndani. Ukitia asidi kali kwenye chombo hichohicho mambo hubadilika: pete huanza kutatuka yenyewe kabla ya kuguswa, kaboni iliyosongamana hubeba chaji chanya zaidi, na shambulio huelekea huko. Viungo ni vilevile na pete ni ileile, lakini unapata molekuli mbili tofauti, na kilichobadilika ni uamuzi wa mpishi tu.

Resini za epoksi zina asili ambayo watu wengi hawaijui: mojawapo ya njia zilizozileta duniani ilianzia kwenye meno. Mswisi Pierre Castan alikuwa mkemia wa kampuni ya De Trey ya Zürich, iliyoshughulika na vifaa vya meno, na alichokuwa akikitafuta ni nyenzo ya kutengenezea meno ya bandia. Alichukua bisifenoli A na epiklorohidrini akapata resini yenye pete za epoksidi kwenye ncha zake, kisha akaigandisha kwa anhidridi ya thaliki. Aliomba hataza mwaka 1938. Tazama kinachotokea ndani ya mchanganyiko ule. Anhidridi hufunguliwa na haidroksili, na kufunguliwa huko huzaa asidi ya kaboksili. Asidi hiyo hufungua epoksidi. Epoksidi iliyofunguliwa huzaa haidroksili mpya. Nayo huiendea anhidridi nyingine. Mnyororo unajilisha wenyewe mpaka yote yawe kitu kimoja kigumu. Meno ya bandia hayakuwa ndiyo makao ya resini ile. Kampuni ya Ciba ilichukua haki zake, na baada ya Vita Kuu ya Pili dunia ikaifahamu kwa jina la Araldite: gundi ya vyuma, rangi ya kuzuia kutu, kizio cha mitambo ya umeme.

Aliyeirudisha mdomoni alikuwa Rafael Bowen, daktari wa meno aliyegeukia utafiti wa nyenzo, akifanya kazi na chama cha madaktari wa meno wa Marekani ndani ya Ofisi ya Taifa ya Viwango ya nchi hiyo. Miaka ya 1950 daktari aliyetaka kuziba jino la mbele hakuwa na chaguo zuri. Amalgamu ilidumu, lakini ni nyeusi na ina zebaki. Saruji ya silikati ilikuwa na rangi ya jino, ila mate yaliila polepole. Plastiki ya methili methakrileti iliganda haraka na kwa rangi nzuri, lakini ilinywea. Monoma hiyo ikiwa peke yake hupoteza karibu asilimia 21 ya ujazo wake inapogeuka kuwa polima. Hata ikichanganywa na unga wa polima iliyokwisha kuganda, bado ilijivuta kutoka kwenye kuta za tundu na kuacha ufa, na kwenye ufa huo mate na bakteria walipita.

Bowen alijaribu kwanza epoksi. Hainywei sana na hushika vizuri, ila ilichelewa mno kuganda, na hakuna mgonjwa awezaye kukaa mdomo wazi akisubiri. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na kwangu mimi ni miongoni mwa mawazo safi kuliko yote katika kemia ya nyenzo. Alibakiza mwili mkubwa wa epoksi, kwa sababu molekuli kubwa ina ncha chache za kuunganisha katika kila ujazo na kwa hiyo hunywea kidogo. Pete zilizokuwa kwenye ncha aliziondoa na mahali pake akaweka methakrileti, ambayo huganda upesi. Mwili ukatoka kwenye nyenzo moja, ncha zikatoka kwenye nyingine. Molekuli hiyo ndiyo inayoitwa bis-GMA, na hataza yake ilitolewa mwaka 1962.

Kuna njia mbili za kuifikia. Ya kwanza, inayoelezwa katika hataza ile, hutumia bisifenoli A pamoja na glisidili methakrileti, kemikali yenye pete ya epoksidi upande mmoja na methakrileti upande wa pili. Anayefungua pete ni fenoli. Ya pili ndiyo niliyoanza nayo: epoksidi ya bisifenoli A kwa asidi ya methakriliki, na anayefungua pete ni asidi ya kaboksili. Njia zote mbili hufika kwenye molekuli ileile. Nitakaa kwenye hii ya pili, kwa kuwa inadai ufundi wa namna yake.

Epoksidi hutiwa kwanza kwenye chupa na kupashwa moto taratibu, kwa sababu ikiwa baridi ni nzito kiasi kwamba kikorogeo hukwama. Kisha huongezwa kichocheo, mara nyingi chini ya asilimia 1 ya uzito: amini ya aina ya tatu, trifenilifosfini, au chumvi ya amonia yenye matawi manne ya kaboni. Kazi ya kichocheo ni kuongeza idadi ya kaboksileti zilizo tayari kushambulia. Uchaguzi wake si wa kasi peke yake. Amini huelekea kuipa resini rangi ya manjano, na nyenzo itakayokaa kwenye jino la mbele la mtu haiwezi kuwa ya manjano. Fundi mzuri anaifikiria sura ya mgonjwa tangu anapofungua kabati la kemikali.

Asidi ya methakriliki haimiminwi yote kwa mpigo. Inadondoshwa. Kila pete inayofunguka hutoa joto, na joto hilo huharakisha pete inayofuata. Chombo kidogo cha maabara hupoa chenyewe kwa kuwa eneo la kuta zake ni kubwa ukilinganisha na ujazo wake, lakini chombo cha kiwandani hakina msaada huo. Mwendeshaji anayemimina kwa pupa hugundua kwamba kipimajoto kinapanda hata baada ya yeye kuzima moto, na hapo tayari amechelewa. Kwa hiyo anadondosha, anasubiri, anasoma kipimajoto, anadondosha tena. Joto hushikiliwa kwenye kiwango cha nyuzi 90 hadi 110 za Selsiasi. Chini ya hapo mmenyuko unasinzia. Juu ya hapo kifungo maradufu cha asidi ya methakriliki, kile tunachotaka kifike salama mpaka mdomoni mwa mgonjwa, huanza kujiunga na wenzake ndani ya chupa.

Hiyo ndiyo hatari kubwa ya kazi hii. Mfanyakazi anataka sehemu moja ya molekuli imenyuke kikamilifu huku sehemu nyingine, ambayo kwa tabia ni ya moto zaidi, ikae kimya kwenye joto la maji yanayochemka kwa saa nyingi. Anachokitumia ni kizuizi: haidrokwinoni au ndugu yake mwenye kundi la methoksi, kwa kipimo kidogo cha sehemu mia chache katika milioni. Pamoja na kizuizi hupitishwa hewa. Jambo hili hunipendeza kila ninapolifikiria. Karibu kila mkemia hufundishwa kuiogopa hewa na kuifukuza kwa naitrojeni kabla ya kuwasha moto. Hapa akiifukuza ameharibu kazi. Oksijeni hukamata radikali ya kaboni mara tu inapozaliwa na kuigeuza radikali ya peroksi, na hii ndiyo ambayo kizuizi kinaweza kuizima. Pasipo oksijeni, kizuizi cha methoksi ni kama hakipo. Kwa hiyo mrija mwembamba wa hewa huzamishwa ndani ya mchanganyiko, na mapovu yake hupanda saa zote za kazi. Yakikatika, mtu mwenye uzoefu huacha kila alichokuwa akifanya.

Baada ya hapo ni kupima. Kila baada ya muda huchukuliwa kijiko kidogo cha mchanganyiko, hupimwa uzito, huyeyushwa, na kufanyiwa titresheni kwa potasiamu haidroksaidi mpaka fenolfthalini igeuke waridi. Matokeo huitwa namba ya asidi: miligramu za potasiamu haidroksaidi zinazohitajika kwa gramu moja ya sampuli. Mwanzo wa kazi yetu namba hiyo ni karibu 219, na unaweza kuikokotoa mwenyewe kwa moli mbili za asidi ndani ya gramu 512. Mwanzoni hushuka kwa haraka inayotia moyo. Ikishapita nusu, mwendo hupungua. Ikifika chini ya 20 hutambaa. Sababu ni rahisi: pete zimebaki chache, asidi imebaki kidogo, na nafasi ya moja kukutana na nyingine inazidi kuwa adimu huku mchanganyiko ukizidi kuwa mzito.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayomtenganisha fundi na mtu mwenye haraka. Kishawishi ni kuongeza moto kidogo ili saa zilizobaki zipungue. Lakini kufikia hapo chupa imejaa haidroksili, zile alama za pete zilizofunguliwa, nazo zinaweza kufungua pete zilizobaki na kushona molekuli mbili kuwa moja. Esta nazo zinaweza kubadilishana washirika, ukapata molekuli zenye methakrileti mahali ambapo haikutakiwa na nyingine zisizo nayo kabisa. Na kama vifungo maradufu vikiamka, mchanganyiko hugeuka jeli ndani ya dakika chache, na jeli hiyo haiyeyuki kwa kiyeyushi chochote wala haitoki kwa kuchemshwa. Chombo hutupwa na vilivyomo. Fundi haongezi moto. Anasubiri, na anapima epoksidi iliyobaki kwa titresheni ya pili, ambapo rangi ya zambarau iitwayo kristali vayoleti hutoka buluu na kuwa kijani. Wenye mashine ya infraredi huangalia mstari mdogo wa karibu 915 kwenye grafu. Mstari ule ni wa pete, na unapofutika kabisa pete zimekwisha. Nafasi yake hushikwa na kilima kipana cha haidroksili karibu na 3,400.

Kinachomiminwa kutoka kwenye chupa ni kitu kizito sana, kizito kuliko maji kwa mamia ya maelfu ya mara ukipima mtiririko wake. Wa kulaumiwa, au wa kushukuriwa, ni zile haidroksili mbili, kwa sababu hushikana kati ya molekuli na molekuli kwa vifungo vya hidrojeni. Kwa uzito huo hakuna unga unaoweza kuchanganywa ndani yake, kwa hiyo huzimuliwa kwa dimethakrileti nyepesi iitwayo TEGDMA. Kisha hutiwa unga wa silika au wa kioo uliopakwa silani, ili kila chembe ishikwe na resini kwa kifungo halisi cha kikemia. Unga huo mara nyingi ni zaidi ya nusu ya uzito wote, na ndio unaotoa ugumu na kupunguza kunywea hadi asilimia 2 au 3 ya ujazo.

Kazi ya daktari wa meno inaanzia hapo. Anapaka asidi ya fosforiki kwenye enameli ili ifanye vishimo vidogo vya kushikilia, mbinu ambayo Michael Buonocore aliitangaza mwaka 1955. Anasuuza, anakausha, anapaka gundi, kisha anaweka mchanganyiko ule wa resini na unga, uitwao kompositi, kwa matabaka ya unene wa milimita 2 hivi, kwa kuwa mwanga haupiti mbali zaidi ya hapo. Taa ya buluu huwashwa. Ndani ya nyenzo kuna kamforikwinoni kidogo, inayomeza mwanga wa nanomita karibu 468 na kuzaa radikali, na vile vifungo maradufu vilivyolindwa kwa hewa na kizuizi na subira huamka kwa pamoja. Sekunde 20, tabaka limekuwa gumu.

Wapo wanaoiogopa resini hii kwa sababu ya neno bisifenoli, na hofu yao inastahili kujibiwa kwa kemia. Swali la kuuliza ni kifungo gani kinaishikilia. Katika bis-GMA, bisifenoli imeshikwa kwa kifungo cha etha, na vimeng'enya vya mate haviwezi kukikata. Esta zake ziko nje, kwenye methakrileti. Zikikatwa, kinachotoka ni asidi ya methakriliki, na mwili wa kati hubaki na matawi yake. Kuna ndugu wa resini hii, bis-DMA, aliyetumika katika baadhi ya vijazio, ambaye methakrileti yake imeunganishwa moja kwa moja na bisifenoli kwa esta. Huyo akikatwa na mate huachia bisifenoli A yenyewe. Majina yao yanakaribiana sana, na tofauti yao ni oksijeni na kaboni chache zilizoachwa na pete ya epoksidi ilipofunguka. Kinachobaki ni chembechembe za bisifenoli zinazoweza kuwa zimesalia tangu kiwandani, na hizo ni suala la usafi wa kazi.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi huu una kazi ya kufanya. Maji ya vijito na visima vingi vya miteremko ya Meru na Kilimanjaro yana floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watu waliokulia maeneo kama Maji ya Chai wanazijua alama zake za kahawia kwenye meno. Tabaka jembamba la kompositi ni mojawapo ya njia za kuzifunika bila kulichonga jino sana. Na tangu mkutano wa mwaka 2022 wa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, amalgamu haitakiwi kutumika kwa watoto wa chini ya miaka 15 na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima. Resini ina kazi zaidi kila mwaka.

Mimea nayo inazijua pete hizi. Vernonia galamensis, mmea wa porini wa Ethiopia, Kenya na Tanzania, una mbegu ambazo karibu asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya venoliki: mnyororo wa kaboni 18 wenye kaboksili nchani na pete ya epoksidi katikati. Adui na mwenzake wamekaa kwenye molekuli moja. Hawamenyuki kwa sababu ndani ya mbegu kaboksili imefungwa na gliseroli, na pete iliyo katikati ya mnyororo imesongamana pande zote mbili, kwa hiyo ni ngumu kufikiwa.

Lakini fundi stadi kuliko wote nimjuaye yumo ndani ya ini. Mwili unapojaribu kuondoa baadhi ya kemikali za moshi, za chakula kilichoungua na za dawa, hatua ya kwanza mara nyingi huwa kuzitia oksijeni, na matokeo yake wakati mwingine ni epoksidi. Epoksidi inayozurura ndani ya seli ni hatari kwa sababu ileile inayoifanya ifae kiwandani: inatafuta wa kuifungua, na DNA ni mmoja wao. Ini lina kimeng'enya kiitwacho epoksidi hidrolesi, ambacho huigeuza pete kuwa dioli isiyo na makali. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kimeng'enya hiki huyasukuma maji tu yaifungue pete moja kwa moja. Mwaka 1993 watafiti Lacourciere na Armstrong walionyesha jambo jingine. Walitumia maji yenye oksijeni nzito, na kimeng'enya kingi kuliko epoksidi, ili kila kimeng'enya kifanye kazi mara moja tu. Kama maji yangeifungua pete, oksijeni nzito ingeonekana kwenye dioli. Haikuonekana hapo. Ilionekana kwenye kimeng'enya.

Maana yake ni kwamba kinachofungua pete ni kaboksili ya kimeng'enya chenyewe, iliyo kwenye asidi aspatiki moja iliyowekwa mahali pake kwa makini. Hushambulia kaboni kutokea nyuma na kufanya esta, sawasawa na asidi ya methakriliki ndani ya chupa. Katika vimeng'enya vya ukoo huu ambavyo umbo lake limechunguzwa, tairosini mbili huishika oksijeni ya pete na kuilegeza, kazi ambayo kiwandani hufanywa na hidrojeni ya asidi pamoja na moto wa nyuzi 100. Baada ya hapo histidini huiamsha molekuli moja ya maji, maji huikata esta, dioli huondoka, na kaboksili hubaki huru kwa pete inayofuata. Kwa joto la mwili, nyuzi 37, bila kupashwa moto na bila jeli. Tofauti moja tu ya nia: mkemia wa kiwandani anataka esta yake idumu, na kimeng'enya kinataka yake ivunjike upesi iwezekanavyo.

Walimu wa kidato cha tano na cha sita, ombi langu ni kwenu. Mmenyuko huu unaweza kuchorwa ubaoni kwa mistari michache, mara tu baada ya somo la esta, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya chaki. Mwalimu wa kemia achore chupa na mrija wake wa hewa. Mwalimu wa biolojia aingie darasa lilelile, kipindi kilekile, achore kimeng'enya cha ini pembeni yake. Kisha wanafunzi waulizwe ni wapi kazi hizi mbili zinafanana na ni wapi zinaachana. Vipindi viwili vinatosha.